Sentensi Niliyomwandikia Bi Zuwena

“Siku ile ulikuya kwangu kama nani?”

Niliulizwa swali hili katika ukumbi wa nyumba moja ya Kuze, Mombasa, alasiri moja ya miaka ya tisini, na aliyeniuliza hakupandisha sauti. Alikuwa ameketi kitako juu ya mkeka, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze. Tangu siku hiyo nimejibu maswali ya mawakili, ya wakaguzi wa hesabu na ya mahakimu wawili. Nimestaafu, mapema kidogo na kwa hiari yangu, na swali lile bado sijalijibu.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaoingia katika kazi ya madai ya bima, na pia ninyi ambao, Mungu apishie mbali, siku moja mtasimama upande wa pili wa kaunta, mguu una plasta na bahasha ya eksirei iko kwapani. Kazi yenyewe hufundishwa kwa wiki mbili: fomu, viwango, mihuri. Kinachobaki ni ufundi wa kuwachosha watu, na huo mimi niliupata kwa miaka, nikausomea kwa bidii, nikasifiwa kwa ajili yake.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, katika barabara kuu ya mji. Nilikuwa binti wa Kirabai niliyekulia Tudor, nimetoka chuo kikuu na shahada ya Kiswahili na historia, na meneja aliniajiri kwa sababu moja aliyoitamka waziwazi: barua zangu hazikuhitaji kusahihishwa. Alinikalisha kaunta. Katika mwezi wa kwanza nikajua jibu la maswali yote: “Faili imekwenda Nairobi.” Nilikuwa nikilitoa kwa upole mkubwa huku goti langu likigusa droo iliyokuwa na faili yenyewe. Siku hizi faili haziendi Nairobi. Siku hizi mtandao umepotea. Mdai hurudi nyumbani vilevile.

Nitawapa siri chache, kwa kuwa sina tena wa kunifukuza. Ndani ya jalada la kila faili, kwenye kona ya juu, meneja aliandika kwa penseli kiwango ambacho kampuni ilikuwa tayari kukifikia. Kiasi tulichomtajia mdai mara ya kwanza hakikufika hata nusu ya hapo. Tulikitaja ili kupima njaa yake. Aliyekubali siku hiyohiyo tulimpa kalamu kabla hajakaa vizuri. Aliyesema “ngoja nikawaulize wenzangu” alipanda bei kwa neno hilo tu. Na ripoti ya daktari iliyoandikwa wiki ile plasta inapotolewa ni rafiki wa kampuni: mfupa umeunga, mgonjwa amepona, kwaheri. Hakuna aliyeuliza vidole vitafanya nini baada ya miezi sita.

Siri iliyo kubwa zaidi sikufunzwa na meneja. Nilifunzwa na Mama Salome, karani wa masjala, aliyekuja Mombasa kutoka bara akimfuata mume wa reli, akabaki hata baada ya reli kumwacha mume. Mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea meneja barua ya seremala mmoja wa Tudor mkono kwa mkono, kabla ya kuipitisha masjala, nikidhani ninaharakisha mambo. Barua haikuonekana tena. Mama Salome alinitazama juu ya miwani.

“Ilikuwa na muhuri wangu?”

“La, Mama.”

“Basi hiyo haikuwa barua. Hiyo ilikuwa uvumi. Karatasi ikipita kwangu nikaipiga muhuri na kuipa nambari, hata meneja haichomoi. Akiichomoa ya thelathini na moja, ya thelathini na mbili itamsema.”

Seremala yule aliandika upya, akasubiri upya. Sikuwahi kumwambia kwa nini.

Sasa nije kwa Bi Zuwena.

Alikuwa mpishi wa arusi, upande wa wanawake. Watu wa Mji wa Kale walikuwa wakisema kwamba tarehe ya arusi huamuliwa na watatu, baba wa bibi arusi, kadhi na Bi Zuwena, na kwamba wale wawili wa kwanza hungoja jibu la huyu wa tatu. Asubuhi moja alikuwa Makadara, ametoka kukagua masufuria ya kukodi, pikapu ya ghala moja la mbao ilipomrudia kinyumenyume bila dereva kutazama. Aliangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivunjika mahali pawili, kikafungwa plasta, na kilipofunguliwa kilikuwa kimeunga vibaya. Aliweza kushika kikombe. Mwiko wa kugeuzia pilau ya watu mia tatu hakuuweza.

Pikapu ile ilikuwa na bima kwetu. Dereva wake, kijana aitwaye Bakari, alikuja ofisini akiwa amekonda. Kwetu pwani, mtu akimwumiza mwenzake bila kukusudia, hamwachii askari amalizie. Huwachukua wazee wake wakaenda kuomba radhi, wamebeba sukari, kahawa na halua. Hupokewa, Fatiha husomwa, na aliyeumizwa hutamka mbele ya watu kwamba amesamehe. Asiyekwenda huonekana hana wazee. Lakini masharti ya bima yanamkataza dereva kukiri kosa, na mwenye ghala alikuwa amemtisha. Kwa hiyo Bakari akaja kuomba ruhusa ya kuomba radhi.

Nilidhani meneja atakataa. Aliizungusha kalamu yake mezani, kisha akasema, “Aende. Na wewe, Bi Mbeyu, ufuatane nao. Wewe ni mtu wa huku, unazijua mila. Wakisameheana, iandikwe.”

“Iandikwe nini, bwana?”

“Msamaha. Jambo jema huandikwa.”

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri: Bakari, mjomba wake, mzee mmoja wa mtaani kwao, na mimi nyuma yao na karatasi za mistari katika mkoba. Bi Zuwena alikuwa amejitanda leso, mkono umefungwa kitambaa. Bakari alipofika kwenye mkeka alipiga magoti, akaanza kulia kwa kwikwi, hata wazee wakainamisha macho.

“Inuka, mwanangu,” Bi Zuwena alimwambia. “Ukilia hivyo watauliza ni yupi aliyegongwa.”

Mjomba alicheka kwanza, kisha wote. Fatiha ikasomwa.

“N'shamsamehe,” alisema. “Ni kadari. Mungu naye atusamehe sote. Lakini Bakari, kile kioo cha gari si cha kutazamia ndevu. Umesikia? Haya, mumekula? Kahawa isipoe.”

Mambo yalikuwa yamekwisha hapo. Kila mtu chumbani alijua yamekwisha. Mimi ndiye niliyetoa karatasi, nikaeleza kwamba ingempa Bakari utulivu, nikaandika: *Mimi, Zuwena, nimemsamehe Bakari kwa moyo mkunjufu kwa ajali iliyonipata, wala sina neno naye.*

Niliitazama sentensi ile nikaona imesimama kwa mguu mmoja. Chuo kikuu kilikuwa kimenifunza kupenda sentensi yenye mizani, na hii iliniomba ubawa wa pili. Nikaongeza: *wala na yeyote anayemhusu, leo wala kesho.* Hakuna aliyeniagiza maneno hayo, meneja wala mjomba. Niliyaandika kwa sababu yalipendeza masikioni.

Bi Zuwena alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hizi za shuleni hakuzijua. Nikamsomea.

“Hapo pa mwisho, rudia.”

Nikarudia.

“Maneno mazuri. Umefundwa wapi?”

“Chuo kikuu, Bi Zuwena.”

“Na mamako ni wa wapi?”

“Rabai.”

“Basi hayo ya mwisho si ya mamako,” alisema, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu zilizotetemeka.

Kesho yake meneja aliisoma karatasi ile mara mbili, akasema, “Bi Mbeyu, ungekuwa wakili.” Nilifurahi wiki nzima. Ninawaambia jambo hili kwa aibu, lakini ninawaambia.

Madai yenyewe yaliletwa na Abdalla, mtoto wa nduguye, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Tudor aliyekaa na shangazi yake palepale Kuze. Alikuja kaunta kila Jumatano baada ya vipindi, amevaa shati lenye chaki mikononi. Sijui niwaeleze vipi zile Jumatano. Mara fomu ilikuwa ya zamani. Mara fomu mpya ilikuwa imekwisha. Mara daktari wetu alitaka kuuona mkono tena, na alipotakiwa kuuona alikuwa likizo. Siku moja nilitumwa nimtake risiti.

“Risiti ya nini?”

“Ya upishi. Kampuni inataka uthibitisho wa kipato.”

“Dada Mbeyu, umewahi kwenda arusi ukaona mpishi akikata risiti?”

“Sijawahi.”

“Mpishi hupewa ada yake imefungwa kwenye pembe ya leso, na sinia ya kwanza. Nikuletee leso?”

“Karatasi ya polisi imemwandika mama wa nyumbani.”

“Askari alimwuliza, mama unafanya kazi gani? Akajibu, ah, mimi niko nyumbani tu. Ulitaka ajisifu mbele ya askari? Mwanamke wa Kuze atasema, andika mimi ndimi mpishi mkuu wa mji huu?”

“Mimi naelewa, Mwalimu. Lakini meneja…”

“Meneja wako amekula pilau yake. Nilimwona mimi, kwenye arusi ya Kizingo. Alirudia. Mwambie risiti ameimeza.”

Jumatano iliyofuata alileta barua kumi na moja za akina mama waliopikiwa na Bi Zuwena, nyingine zimeandikwa kwenye karatasi za daftari la mtoto. Nilizipitisha masjala kabla ya kuzifikisha kwa meneja. Meneja alizipima mkononi, akasema barua si risiti, akamtajia Abdalla kiasi ambacho kisingenunua masufuria mawili. Abdalla, mwalimu wa hesabu, alikataa kwa heshima, akashukuru, akaahidi kurudi Jumatano. Nilitaka kumpigia kelele juu ya kaunta: usirudi Jumatano! Kwa sababu nilijua asichokijua. Sheria humpa aliyeumia miaka mitatu ya kwenda mahakamani. Ikipita hajafungua kesi, kampuni hulifunga jalada kwa amani. Mazungumzo hayaisimamishi saa. Unaweza kuzungumza kwa adabu, ukaletewa chai, na saa inakwenda. Shikeni hilo hata kama mtasahau mengine yote.

Zilibaki wiki tatu miaka hiyo mitatu itimie. Daktari wa mifupa alikuwa ameandika kwamba kifundo cha Bi Zuwena kilihitaji kuvunjwa tena na kufungwa chuma. Bila hivyo hautakuwa mkono wa kazi tena, na kila mwezi uliopita ulipunguza matumaini. Hospitali haikutaka kutoa siku kabla ya malipo. Abdalla aliiweka barua ile mezani kwa meneja. Meneja akafungua faili, akatoa karatasi yangu.

“Mwalimu, shangazi yako hana madai. Soma mwenyewe: *wala na yeyote anayemhusu*, na kampuni ni mmoja wao. Lakini sisi ni watu. Tutampa kitu kidogo kwa hisani, akitia sahihi kwamba yamekwisha.”

Abdalla alisoma polepole. Kisha akanigeukia.

“Huu mwandiko ni wako, Dada Mbeyu.”

“Ni wangu.”

“Na hili la *yeyote anayemhusu*?”

“Nalo ni langu.”

“Nilijua. Shangazi akisamehe husema n'shasamehe, kisha hukuuliza kama umekula. Hana maneno zaidi ya hayo.”

Siku mbili baadaye alinisubiri chini, mlangoni pa duka la vitambaa. Alikuwa amemwona wakili, na wakili alimwambia kesi inaweza kufunguliwa, ila karatasi ile itaiua, isipokuwa atokee mtu aliyekuwepo aeleze ilivyoandikwa. Bakari aliogopa kazi yake. Wazee walikuwepo, lakini hawakujua karatasi ilikusudiwa nini wala nani aliyeyatunga maneno.

“Amebaki mmoja,” alisema, na hakunitazama aliposema.

Nilikwenda Kuze peke yangu alasiri hiyo. Uani kulikuwa na sufuria ya wastani motoni. Jirani alikuwa na hitima, na Bi Zuwena alikuwa amesisitiza kupika. Binti wa jirani alisimama karibu naye. Nikamwona akiushika mwiko kwa mikono miwili, akiutia kwenye wali, akiugeuza. Mwiko ulimponyoka, ukaanguka juu ya mafiga.

“Geuza wewe,” alimwambia binti. “Taratibu! Wali haupigwi, hubembelezwa.”

Akaingia ukumbini, akaketi. Nikamwambia yote: penseli, miaka mitatu, maneno yangu. Nikamwuliza lile lililonikaba zaidi.

“Nilipokusomea mara ya pili, Bi Zuwena, ulielewa?”

“Nilielewa kwamba wewe umefurahi.”

Aliuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza mapajani.

“Bakari n'shamsamehe,” aliendelea, “na msamaha hauregeshwi. Akinipita ndiani hunibusu mkono, huuhuu mbovu. Lakini hiyo kampuni haikuya hapa. Haina wazee, haikuleta sukari, haina magoti ya kupiga. Uliyekuya ni wewe. Sasa niambie, mwanangu. Siku ile ulikuya kwangu kama nani?”

Kahawa yake nilikuwa nimeinywa kama mtoto wa pwani anayejua kwamba huanzi na shida kabla ya kikombe. Karatasi nilikuwa nimeitoa kama mtumishi wa kampuni. Na ule ubawa wa pili wa sentensi sikuuandika kwa ajili ya mwingine ila nafsi yangu. Ningetaja lipi? Nilisema tu kwamba sijui. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu dogo kuliko alilotarajia lakini lisilokuwa la uongo.

Nilirudi Tudor kwa miguu. Jua halijazama nilikuwa nimeketi na kalamu. Niliandika kwamba karatasi ya msamaha iliandikwa na mimi, katika ziara ya kuombana radhi, bila mazungumzo yoyote ya malipo. Kwamba aliyeitia sahihi hazisomi herufi za shuleni ilizoandikiwa. Kwamba maneno ya mwisho niliyatunga mimi bila kuagizwa naye na bila kumweleza yatakavyotumika. Nilirudia mara nne. Kila mara sentensi iliomba ubawa, na kila mara niliukata. Nikapita duka la jirani lenye simu, nikamwachia Abdalla ujumbe katika duka la mtaani kwao: anikute chini ya ofisi asubuhi na mapema.

Najua mtauliza yaliyofuata. Kesi ilifunguliwa zikiwa zimebaki siku tisa, kampuni ikalipa kabla haijasikilizwa, na mkono ukapasuliwa. Haukurudi wote, aliweza kugeuza sufuria ya wastani, zile kubwa akaziamrisha kwa mdomo. Mimi niliondolewa kaunta nikapelekwa bima za moto, ambako kwa miaka mingi nilihesabu magunia yaliyoungua. Lakini asubuhi ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba meneja hufika saa mbili, na Mama Salome hufungua masjala saa moja na nusu.

Nilimkuta akifuta vumbi kwenye kidau cha wino wa mihuri. Nikaweka nakala mbili mbele yake. Alisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaivaa tena.

“Meneja ameiona?”

“Bado.”

“Basi angalau umejifunza kitu,” alisema. “Umefikiri, Mbeyu? Ukifukuzwa, wewe huna mume wa pensheni ya reli.”

“Nimefikiri, Mama.”

Akaigonga ya kwanza, akaigonga ya pili. Akafungua faili ya Bi Zuwena, akaipachika nakala moja nyuma ya barua ya daktari, akaiandikia nambari yake kwa wino, na juu yake akapachika orodha ya vifaa vya ofisi isiyohusika kabisa na jambo lile, akaipa nambari inayofuata.

“Sasa achomoe,” alisema.

Niliibeba faili hadi mezani kwa meneja, nikaiacha wazi kwenye ukurasa huo. Nikashuka ngazi na nakala ya pili. Mwenye duka la vitambaa alikuwa akipandisha milango yake, na Abdalla alisimama kando, shati lake bado halijaingia chaki. Alisoma palepale barabarani, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa kifua.

“Shangazi alisema nikikuona,” aliniambia, “nikuulize kama umekula.”

Nilikuwa sijala.